Barua ya Vumbi

Daktari alimwuliza Jicho kazi yake, na Jicho akajibu kama alivyojibu katika kila chumba walichopitia kwa miezi kumi: mshonaji. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, hakuandika kitu. Aliinua picha ya mapafu kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akamrudia mgonjwa. Aliuliza kama alishonea kiwandani, kwenye pamba nyingi na madirisha yaliyofungwa. Jicho akasema hapana, alishonea kibarazani kwake, suruali za watu na sare za shule, na cherehani aliiuza tangu miguu ilipokataa kukanyaga.

Jibu hilo lilimmaliza pumzi. Mkewe akamalizia, kama siku hizi alivyommalizia kila sentensi. Hajawahi kuvuta sigara. Dawa za kifua kikuu amezimeza miezi sita bila kuruka hata siku moja, na kifua ni kile kile, kama si kibaya zaidi. Mke huyu watu walimwita Mama Pekee, kwa sababu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na binti huyo jina la Pekee lilimganda tangu utotoni.

Daktari akaushika mkono wa Jicho. Akakigeuza kidole gumba, kisha cha shahada. Kucha zilikuwa zimelika upande mmoja, bapa na nyembamba, kama zilizopigwa tupa.

"Na hivi, baba? Hivi vimeliwa na nini?"

Jicho akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mawe hayo, daktari. Nakata vito. Lakini hiyo si kazi. Ni klabu tu, tunajifurahisha."

Pekee alikuwa amesimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa viwili tu, na ndiye aliyeuona uso wa daktari ukibadilika. Daktari aliuliza ni mawe gani. Jicho akasema akiki hasa, na mengine ya jamii hiyo, magumu. Daktari akauliza kama wanayakata kwa maji.

"Zamani kwa maji," Jicho akasema. "Miaka mitatu hii tunakata makavu."

Miezi kumi walikuwa wameulizwa kazi, na miezi kumi walikuwa wamejibu kazi. Hakuna aliyewauliza baba huyu alikuwa wapi kila Jumanne na kila Jumamosi, na nyumbani hakuna aliyefikiria kulitaja, kama vile mtu asivyokwenda hospitali kueleza kwamba anacheza karata. Daktari akawaeleza taratibu. Vumbi la jiwe lile likiingia ndani halikohoki likatoka. Pafu huligandia na kuwa gumu, na hakuna dawa ya kulilainisha tena. Lakini iko mashine ya oksijeni ya kukaa nayo nyumbani. Kwa mashine hiyo angeweza kulala chali, angeweza kumaliza sahani ya chakula bila kupumzika katikati, angeweza kuishi mwaka, pengine miaka, hakutaka kuwadanganya. Uko mpango wa serikali unaowaazima mashine hizo watu walioumizwa na vumbi mahali penye msimamizi. Kamati hukaa mwisho wa mwezi. Inataka picha, inataka maelezo ya daktari, na inataka barua ya msimamizi wa mahali hapo: jiwe gani, muda gani, na walikuwa wakikataje.

"Bila barua hiyo," alisema, "wataandika chanzo hakijulikani, na faili litakaa chini ya mafaili mengine."

Nje ya lango la hospitali Jicho aliegemea ukuta apate pumzi. Mama Pekee alikuwa karibu kucheka kwa nafuu. Mumewe amewachongea watu wale mawe yao miaka yote hii, akasema. Watashindwaje karatasi moja?

*

Klabu ilikuwa ghorofa ya juu, juu ya duka la magodoro. Magurudumu kumi na mawili yalipangwa kwenye meza ndefu, na juu ya kila gurudumu ulining'inia mrija mwembamba wa kudondosha maji. Maji hayo yalikuwa na kazi moja: kulishika vumbi jiwe linapogusa gurudumu na kuligeuza tope. Tope likaenda kwenye ndoo, ndoo ikamwagwa, maisha yakaendelea.

Kisha bomba likapasuka siku ya Jumapili na magodoro kumi na moja yakalowa huko chini. Mwenye duka, ambaye ndiye mwenye nyumba pia, akapanda ngazi na kusema tone moja tena na mtahama. Mwenyekiti wa klabu hakubishana. Alifunga maji kwa mkono wake mwenyewe, akalitia kufuli sanduku la bomba, akawaambia wanachama ni kwa muda tu, mpaka wapate mahali pengine. Vumbi likaanza kutoka madirishani na kutua kwenye nguo zilizoanikwa nyumba ya pili. Majirani wakalalamika. Mwenyekiti akaamuru madirisha yafungwe.

Wanachama hawakuona ubaya. Walifunga leso puani. Ikifika jioni walitazamana nyusi nyeupe na kuchekana, wakaitana babu. Tena wakagundua kwamba jiwe kavu linaonyesha mistari yake vizuri kuliko jiwe lililoloa, na haikupita muda ikawa sifa. Mtu aliyekata bila maji alisemwa ana mkono mkavu, na aliyetamani maji alisemwa anafua nguo.

Jicho alikuwa na mkono mkavu kuliko wote. Walimpa jina la Jicho kwa sababu alilitazama jiwe bichi, kama kokoto la njiani, akajua rangi iko wapi ndani yake. Kuchonga umbo la kwanza ndiko kunakovunja mawe ya watu, na ndiko kunakotoa vumbi jingi. Basi kila mwanachama akawa anamwachia Jicho jiwe lake amchongee umbo la kwanza, kisha yeye alisugue, aling'arishe, aliite lake. Jumanne na Jumamosi zikawa siku nne kwa juma, kisha tano. Hakulipwa. Hakuna aliyewaza kulipa, naye angeudhika kama wangelipa. Miaka thelathini alikuwa ameshona suruali za watu waliolalamikia mifuko. Hapa watu wazima walimngoja na mawe mkononi kama watoto wanaongoja peremende, na walimwita fundi.

Mama Pekee alipanda ngazi hizo Jumanne, saa kumi, amevaa nguo zake nzuri. Mlangoni akaambiwa ni saa ya wanachama, angoje kwenye benchi. Alingoja saa nzima. Mara tatu mlango ulifunguliwa na mara tatu vumbi lilitoka mbele ya mtu. Mwanachama mmoja mnene, aliyevaa aproni, alimtolea trei ya vikombe vichafu na kumwonyesha sinki lilipo, kisha akarudi ndani kabla hajajibiwa. Mama Pekee alikaa na trei mapajani. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya nyumba ya wageni, mikono yake ilionyesha hivyo, naye alijua mtu yule hakukusudia kumtukana. Ndiyo maana ilimuuma zaidi.

Mwenyekiti alipotoka na kuiona trei ile, aliona haya kweli. Aliichukua mwenyewe. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mrefu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimwita shemeji, akamwuliza hali ya mgonjwa, akasema hakuna Jumamosi inayopita bila kumtaja. Barua? Barua ni kitu kidogo, shemeji. Iseme nini?

Mama Pekee akamwambia kama daktari alivyomwambia: akiki, miaka mitatu, bila maji, madirisha yamefungwa.

Mwenyekiti akaziweka sawa kalamu zake mfukoni. Akasema suala hilo linahitaji kutazamwa. Akaeleza kwamba manispaa imewaahidi chumba katika ukumbi mpya, chini, chenye maji na mifereji, na faili la klabu liko mezani kwa wakaguzi wiki hizi hizi. Karatasi yoyote yenye neno vumbi ikiingia sasa, basi chumba kimekwenda. Wakishapata chumba ataandika hata barua kumi. Kwa sasa, wanachama walikuwa tayari wamekubaliana kumtengenezea Jicho cheti cha heshima, chenye fremu.

"Atakivuta puani hicho cheti?" Mama Pekee akauliza.

Hakuuliza kwa sauti kubwa. Mwenyekiti alisema anaelewa uchungu wake, akamsindikiza mpaka ngazi ya kwanza. Alipotaka kumshika mkono ashuke vizuri, aliukosa, kwa kuwa Mama Pekee alikwisha kushuka.

*

Nyumbani Jicho alimtetea. Alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono, mto mgongoni na mto mwingine mapajani wa kuegemea mbele, maana kulala kulikuwa kumemshinda tangu mwezi wa pili. Alisema Mwenyekiti si mtu mbaya. Alisema klabu ile ndiyo kitu pekee mtu yule alichokianzisha kwa mikono yake, baada ya miaka ya kuwapimia wengine viwanja. Alisema hayo kwa vipande vitatu, na kati ya kipande na kipande mkewe alimngoja kwa adabu, ingawa alikuwa akitamani kuvunja kitu.

"Wewe ungekuwa mbuzi," alimwambia, "ungemshikia mchinjaji taa."

Jicho akacheka, na cheko likageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua dakika nzima. Mama Pekee alimshika mabega mpaka kikapita. Baadaye alimwomba radhi kwa kumchekesha, siyo kwa maneno yenyewe.

Walikodi mtungi wa oksijeni, wa saa mbili kila alasiri, kwa mshahara wa mashuka na nusu ya mshahara wa Pekee. Pekee alifanya kazi duka la kuchapa na kunakili karatasi. Siku nzima aliwaandikia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga, barua za kuacha kazi. Alijua jinsi karatasi inavyotakiwa kusimama. Akaichapa barua ile mwenyewe, mistari tisa, bila tusi na bila lawama: jiwe, miaka, maji, madirisha. Aliacha nafasi ya sahihi tu. Mwenyekiti alipopelekewa, alisema yeye peke yake hawezi, ni lazima ipite kikaoni.

Wanachama walikuja kumtazama mgonjwa, wawili wawili, na matunda. Walikaa ukingoni mwa viti. Walizungumzia maonyesho yanayokuja na kumwambia mawe hayachongeki vizuri siku hizi, wanamngoja. Kinyozi, aliyekuwa kijana kuliko wanachama wote, alikuja peke yake kila Ijumaa kumnyoa ndevu, polepole, akisimamisha wembe kila pumzi ilipopanda. Siku moja Mama Pekee alimngojea kwenye ukumbi na kumwuliza kama atasema kitu kikaoni. Kinyozi alifuta wembe kwa muda mrefu. Alisema yeye pale ni mtu mdogo, mama. Alisema wakubwa wapo.

*

Kikao kilikaa Jumamosi. Mama Pekee na binti yake waliruhusiwa kuketi ukutani, kwa masharti ya kutosema, kwa sababu si wanachama. Ajenda ya kwanza ilikuwa maonyesho. Walijadili rangi ya vitambaa vya meza. Mmoja akataka vyeusi, vito vionekane. Mwingine akasema vyeusi vinaonyesha vumbi, na watu wakacheka, kisha wakakumbuka nani ameketi ukutani, na kicheko kikafa vibaya. Vitambaa vilichukua dakika arobaini. Suala la Jicho lilikuja mwisho, chini ya mengineyo.

Mwenyekiti aliisoma barua ya Pekee mpaka mwisho, kwa haki. Kisha akauliza kama kuna mwenye la kusema. Mezani palikuwa na mawe yao, waliyoyaleta kuonyeshana, mengi yakiwa na umbo lililotoka mkononi mwa Jicho. Kila mtu alilitazama la kwake. Mzee mmoja alisema ni jambo la kusikitisha. Yule mnene wa vikombe alisema barua kama hii ikifika kwa wakaguzi, hawatanyimwa chumba tu, watafungiwa hata hiki. Akasema Jicho mwenyewe asingependa klabu ife kwa ajili yake.

Pekee akainuka. Alisema baba yake ndiye anayekufa kwa ajili ya klabu, si klabu kwa ajili yake, na kama mpangilio huo umewatatiza anaweza kuwachapia. Mwenyekiti akamkumbusha masharti. Akaketi.

Ikapendekezwa kwamba Mwenyekiti aiandike upya barua hiyo kwa hekima yake, iwe na uwiano. Wanaokubali wainue mikono. Mikono ikapanda. Ule wa Kinyozi ulipanda mpaka usawa wa sikio, ukabaki hapo, ukahesabiwa.

*

Mwenyekiti aliileta barua mwenyewe, siku tatu kabla ya kamati. Ilikuwa kwenye karatasi yenye nembo ya klabu, na ilikuwa na mhuri. Alikataa kuketi kwanza, kisha akaketi. Alikuwa ameihangaikia. Alikuwa ameichana mara nne, na mkewe alikuwa amemwuliza ana nini. Aliamini kabisa kwamba alikuwa amepata njia ya kumsaidia rafiki yake bila kuwaumiza wengine, na kama mtu angemwambia usoni kwamba huo ni uoga, angeshangaa.

Pekee aliisoma kwa sauti. Ilitaja akiki. Ilitaja miaka mitatu. Ilimsifu Jicho kwa ukarimu na kipaji. Kisha sauti yake ikasimama, akaanza tena, polepole zaidi.

"Mwanachama huyu alichagua mwenyewe kukata bila maji, kwa upendeleo wake, kinyume cha utaratibu wa klabu."

Chini palikuwa na nafasi mbili za sahihi. Ya Mwenyekiti ilikuwa imejazwa. Nyingine ilikuwa ya Jicho, akithibitisha kwamba maelezo ni ya kweli.

Mama Pekee akamwuliza Mwenyekiti nani alitia kufuli kwenye sanduku la bomba. Mwenyekiti alijibu kwamba maneno ya barua si mashtaka, ni maneno tu, kamati inatafuta vumbi na vumbi limetajwa. Alisema hakumlazimisha mtu kuja siku tano kwa juma. Alisema hata yeye alikata makavu. Jasho lilimtoka chini ya miwani.

"Umekuja kumnunua kwa pumzi yake mwenyewe," Mama Pekee akasema. "Umeishika mkononi, unamwonyesha, unamwambia tia sahihi kwanza."

"Shemeji, mimi nataka apone."

"Haponi. Hilo umeambiwa. Tunaomba asife akiwa ameketi."

Pekee akasema barua hiyo isipelekwe. Alikuwa ameona karatasi nyingi kazini kwake, alijua mstari mmoja unavyoweza kula mistari minane. Akataka kuikunja. Jicho akanyoosha mkono. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyepanda mlima, na hakuwa ameinuka kitini tangu asubuhi.

"Nipe kalamu," akasema.

"Baba, ni uongo."

"Najua." Akavuta pumzi. "Nipe. Nimechoka."

Hakuna aliyempa. Alimgeukia mkewe. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa, Mama Pekee alikuwa amekataa mengi aliyoombwa na mumewe, na mara nyingi alikuwa na haki. Alimtazama shingoni, pale palipobonyea kila hewa ilipoingia. Akachukua ubao wa kukatia mboga, akaufuta kwa kanga, akaweka karatasi juu yake na kuuegemeza kwenye ule mto wa mapajani. Mwenyekiti akatoa moja ya kalamu zake. Mama Pekee hakuipokea. Alikwenda chumbani akaleta ya nyumbani.

Jicho alitia sahihi. Kisha, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, alimwuliza Mwenyekiti kama walishapata akiki nyekundu kwa ajili ya maonyesho.

*

Jibu la kamati lilifika baada ya siku kumi na mbili, kupitia kwa daktari. Daktari aliwaita wote wawili, mama na binti, na safari hii viti viwili vilitosha. Kamati ilikubali kwamba ni vumbi la jiwe. Kamati ilikataa mashine. Mpango ulikuwa kwa walioumizwa na mazingira ya mahali, si kwa aliyekiuka utaratibu wa usalama kwa hiari yake, kama alivyothibitisha kwa sahihi yake mwenyewe.

Daktari alikuwa na hasira, na kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo, hasira hiyo ilionekana mikononi tu. Alisema faili linaweza kufunguliwa upya. Ilihitajika barua moja ya mtu aliyekuwepo, mwanachama yeyote, aeleze kwamba maji yalifungwa na kiongozi na kwamba wote walikata makavu. Mmoja tu.

Mama Pekee alipita milango minne kwa siku mbili. Wa kwanza alisema yeye alijiunga majuzi. Wa pili, yule mzee wa jambo la kusikitisha, alisema angeandika kama wengine wangeandika. Wa tatu hakufungua, ingawa redio ilizimwa ghafla ndani. Wa nne alikuwa Kinyozi. Kinyozi alimkaribisha kwenye kiti cha wateja, akageuza bango la mlangoni lisomeke pamefungwa, akalia. Akasema chumba kipya kimepatikana, wanahamia mwezi ujao, kuna maji. Akasema Mwenyekiti amemwahidi kuwa mwalimu wa vijana. Mama Pekee alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia agonge mlango wake siku atakayomaliza kulia.

Jicho alikufa Alhamisi, alasiri, wakati wa mtungi wa kukodi, dakika ishirini kabla haujaisha. Mkewe alikuwa jikoni akipoza uji. Alisikia mtungi ukitoa hewa na hakusikia kitu kingine, akajua kabla hajageuka.

Mazishini klabu ilikuja karibu yote. Walileta kile cheti, chenye fremu. Mwenyekiti aliomba kusema machache, na alikuwa amefika mahali pa ukarimu na kipaji, Mama Pekee alipomwambia, "Kaa chini." Alimwambia kama mtu anavyomwambia mtoto aliyesimama juu ya kiti. Watu waligeuka. Mwenyekiti alitazama huku na huku atafute uso wa kumtetea, na aliwaona watu kumi na mmoja wakiitazama ardhi. Akaketi, cheti mapajani.

*

Wiki ya tatu mlango ukabishwa. Ilikuwa Ijumaa, na Kinyozi alikuwa amesimama nje bila mkoba wake wa kazi. Mama Pekee hakumkaribisha wala hakumfukuza. Pekee alikuwa mezani, amerudi kutoka kazini, hajavua hata viatu.

Kinyozi alisalimia, akaitikiwa. Alisema amekuja kuuliza kitu. Akatazama nyuma, barabarani, kama mtu anayeulizia nyumba ya mganga.

"Mama, kile kikohozi cha mzee," akasema. "Kilianzaje?"

Mama Pekee alimtazama. Kinyozi alikuwa na miaka ishirini na tisa na mtoto mchanga. Alikuwa amekonda, au pengine shati lilikuwa kubwa. Hasira aliyokuwa nayo mama huyu ilikuwa imekaa ndani wiki tatu bila kupata pa kutokea, na sasa huyu hapa mlangoni, ameleta kichwa chake mwenyewe. Angeweza kumwambia akamwulize Mwenyekiti. Angeweza kufunga mlango. Alifikiria yote mawili, na hakuharakisha kufikiri.

"Pekee," akasema, "mpe karatasi na kalamu."

Kinyozi akaingia. Akaketi kwenye kigoda, maana kile kiti chenye mikono hakuna aliyekielekea. Alipoona ni karatasi tupu alielewa, akaishika bila kuandika.

"Lakini mama, itamsaidia nani sasa?"

"Wewe," Mama Pekee akasema. "Na yule mnene. Na yule mzee. Na huyo Mwenyekiti mwenyewe, nikipenda. Mtakwenda kwa daktari mmoja mmoja mkiulizwa kazi, na mtasema kinyozi, mtasema mwalimu, mtasema mpima ardhi. Andika. Ukimaliza nitakueleza kilivyoanza, siku kwa siku, na nitakupeleka kwa yule daktari mimi."

Kinyozi aliinama juu ya meza. Aliandika tarehe. Aliandika kwamba katika mwaka fulani maji ya klabu yalifungwa. Akasimama hapo.

"Nani aliyafunga?" Mama Pekee akauliza.

Kinyozi akainua macho.

"Andika nani aliyafunga. Kisha andika kwamba ulikuwepo, na kwamba siku ile mikono ilipoinuliwa, na wako uliinuka."

Ilimchukua muda mrefu. Mara mbili alisimama akakohoa, kikohozi kikavu, kidogo, cha kumwonea mtu haya, na mara mbili mama na binti walitazamana. Mwandiko wake ulikuwa mbaya na mistari ilishuka kwenda kulia. Pekee akasema ataichapa vizuri kesho kazini. Mama yake akasema hapana, ipelekwe hivyo hivyo, inasomeka.